Wezi Wanne Walionivizia

Mwalimu mhariri wa gazeti hili aliponiomba niandike neno kwa toleo la muhula huu, nilidhani ataka nieleze namna ya kutunza madawati, maana mimi ni seremala, na madawati 40 ya Kidato cha Kwanza niliyatengeneza mimi. Akasema, "La, fundi. Tuandikie habari yako mwenyewe." Nikamwomba siku tatu za kufikiri. Jioni ile nilimwuliza mwanangu, ambaye ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne katika shule hii hii, maana habari yangu ni yake pia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Andika, baba. Lakini jina langu usilitaje." Nimekubali. Basi na langu silitaji. Wanaonijua watanijua, na wasionijua hawatapungukiwa na kitu.

Ndugu wasomaji, mimi nilikuwa mlevi. Sisemi nilikuwa mnywaji, maana wanywaji ni wengi na wengine huweza kuiacha glasi mezani wakaenda zao. Mimi sikuweza.

Nilisoma hapa nikamaliza Kidato cha Nne mwaka 1990. Useremala nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa na karakana yake Ngamiani, hapa Tanga. Pombe nilianza kazini. Ilikuwa desturi yetu mafundi siku ya malipo kukaa pamoja na kunywa mnazi, na kijana aliyekataa aliambiwa kwamba bado mtoto. Baadaye mnazi ukawa haunitoshi, nikanywa bia. Bia ikawa ghali, nikanywa gongo, ingawa sheria imeikataza, na kila mtu ajua kwamba hakuna ajuaye kilichomo ndani ya chupa ile. Mambo haya hayakuja kwa mwezi mmoja. Yalichukua miaka, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nikisema, "Nikitaka nitaacha."

Ilifika hali ya kuwa asubuhi mikono yangu yatetemeka hata penseli haikai juu ya ubao. Nikinywa kidogo, inatulia. Hapo ndipo ningalitambua. Mtu akinywa ili afurahi na wenzake ni jambo moja, na mtu akinywa ili aweze kushika msumeno ni jambo jingine. Randa ya mjomba wangu, aliyoniachia kabla ya kufa, niliiuza kwa bei ya chupa nne. Patasi zikaifuata, kisha jiriwa, kisha keekee. Seremala asiye na vifaa ni kama mvuvi asiye na chombo: hukaa pwani akihadithia samaki.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, shule yetu ilifanya siku ya wazazi. Mwanangu alikuwa Kidato cha Kwanza. Nilivaa shati jeupe, nikaja nimelewa saa nne ya asubuhi. Mlinzi wa langoni, mzee mtaratibu sana, alinishika mkono akanirudisha nje, nami nikampigia kelele za matusi. Mwanangu alikuwa amesimama chini ya mwembe pamoja na wenzake. Mmoja wao akamwuliza, "Yule ni nani?" Nikamsikia akijibu, "Simjui."

Sikumlaumu siku ile, wala simlaumu leo.

Nilirudi nyumbani nikaapa kwamba sitakunywa tena, na kwa ujinga wangu nikajifungia chumbani niache peke yangu. Sasa wasomaji naomba mnisikilize hapa, maana jambo hili laweza kuokoa mtu nyumbani kwenu. Siku ya kwanza nilitoka jasho na kutetemeka, sikupata usingizi. Usiku wa pili niliona wadudu wakitambaa ukutani, na mke wangu akaniambia hakuna wadudu. Alfajiri nikaanguka kifafa, mimi ambaye sijapata kuugua kifafa tangu kuzaliwa. Majirani wakanibeba hadi hospitali.

Daktari alinieleza kwa mfano nilioufahamu. Alisema, "Pombe huubana ubongo kama mtu anayesukuma mlango kutoka nje. Ubongo nao, ili usilale, husukuma kutoka ndani. Mmesukumana hivyo miaka mingi. Sasa umemwondoa wa nje ghafula, na wa ndani ameanguka kifudifudi." Akanionya kwamba mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akiacha ghafula bila tabibu, aweza kufa. Walinipa dawa ya kutuliza, wakaipunguza siku hata siku, na sindano za vitamini B1, maana mlevi hali chakula cha kutosha, na hata kile kidogo alacho, pombe huzuia vitamini hiyo isiingie mwilini. Ikikosekana kabisa, ubongo huharibika na mtu hupoteza kumbukumbu. Daktari yule hakunikemea hata mara moja. Aliniambia tu kwamba pombe yahesabiwa pia miongoni mwa vitu viletavyo saratani, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 2.6 ulimwenguni walikufa kwa sababu yake. "Wewe hukuwa mmoja wao," akasema, "lakini ulikuwa kwenye foleni."

Baada ya siku saba nikatoka. Mikono ilikuwa imetulia, macho yamekuwa meupe. Nikadhani nimepona.

Nilikaa miezi mitano bila kunywa. Watu wakanisifu, nami nikajisifu zaidi yao. Mwezi wa Machi mwaka 2023 palikuwa na harusi ya jamaa yetu. Rafiki yangu wa zamani akanisogezea glasi ya mnazi akisema, "Kidogo tu, fundi, kwa heshima ya bibi harusi." Nikanywa hiyo moja. Sikurudi nyumbani kwa siku tatu.

Hapo nikajifunza somo ambalo ndilo sababu ya kuandika makala haya. Kuacha pombe ni kazi ya siku chache, na hospitali yaweza kukusaidia. Kukaa bila pombe ni kazi ya kila siku, na hiyo huwezi kuifanya kwa kiapo peke yake. Niliapa kwa moyo wote, lakini sikujua kuutunza mwili wala kujua saa zangu za hatari.

Aliyenifundisha hayo ni mzee mmoja, karani mstaafu wa reli, ambaye hajanywa kwa miaka mingi. Alikuja kwangu siku ya nne baada ya harusi ile, akanikuta nimelala kwa aibu nimegeukia ukutani. Hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Mimi pia nilianguka mara mbili. Inuka, oga, Jumatano nitakupitia." Jumatano jioni akanipeleka kwenye kikundi cha watu kama tisa hivi, Waislamu na Wakristo, wanaokutana katika chumba kidogo na kusimuliana hali zao. Majina ya waliomo hayatoki nje ya mlango. Miongoni mwetu yuko kijana aliyekuwa akitumia unga, yaani heroini. Yeye hunywa kila siku dawa iitwayo metadoni mbele ya mhudumu wa kliniki. Matibabu hayo yalianza kutolewa nchini mwetu mwaka 2011, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Watu husema amebadilisha ulevi kwa ulevi, lakini sivyo. Dawa ile humwondolea maumivu ya kukosa unga, naye huenda kazini akarudi na mshahara wake.

Mzee wetu alinihadithia jinsi vikundi vya namna hii vilivyoanza huko Marekani. Mwezi wa Mei mwaka 1935, mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka ilivunjika, akawa peke yake hotelini, hana fedha, na sauti za baa zamfikia masikioni. Alikwenda kwenye simu, akapiga makanisani kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari mpasuaji aitwaye Bob Smith, mlevi aliyeshindikana. Wakazungumza saa nyingi. Daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama chao. Nilipoisikia habari hii nilishangaa, maana nilizoea kufikiri kwamba mlevi aokolewa na mtu aliye msafi. Kumbe Bill Wilson hakumtafuta daktari Smith ili ahubiriwe. Alimtafuta ili yeye mwenyewe asinywe jioni ile.

Kisha mzee akanifundisha habari ya wezi wanne. Akasema mtu aliyeacha ulevi huviziwa njiani na wezi wanne: njaa, hasira, upweke na uchovu. "Mmoja akija peke yake utampiga," akasema. "Wawili, utapambana. Wakija wote wanne pamoja, usijaribu. Kimbia."

Nilicheka moyoni. Nilidhani adui yangu ni chupa, kumbe naambiwa habari za uji! Lakini nilifanya kama alivyosema, kwa kuwa mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kunifikisha mahali pabaya.

Basi nikaanza hivi. Asubuhi sitoki nyumbani kabla ya kula, uji mzito au viazi vitamu vya kuchemsha. Mchana nala kwa saa yake hata kama mteja amesimama mlangoni. Miezi ya kwanza nilitamani sana vitu vitamu, na wenzangu walinieleza kwamba ndivyo iwavyo kwa wengi, nikawa naweka tende mfukoni. Maji nayanywa kwa wingi, maana mara nyingine kiu ya maji hujifanya kiu ya pombe. Usiku saa nne nimekwisha kulala. Mwanzo usingizi haukuja, nikawa natembea kwa miguu kutoka karakana hadi nyumbani ili mwili uchoke vizuri, lakini napita njia nyingine, ndefu kidogo, isiyo na kilabu. Hasira, nimejifunza kuisema mapema ingali ndogo. Upweke, nina Jumatano yangu, na nina namba tatu za simu.

Haya ni mambo madogo kama misumari. Lakini nani atajenga nyumba bila misumari?

Sasa nitawaeleza juu ya madawati yenu, ili mjue kwamba wezi wale ni wa kweli. Mwezi wa Juni mwaka 2024 nilipewa kazi ya madawati 40. Tangu niuze vifaa vyangu sikuwa nimepata kazi kubwa kama ile. Vifaa vingine niliazima, vingine nilinunua kwa mkopo. Siku mbili za mwisho nilifanya kazi usiku na mchana nikipiga msasa na vanishi. Ijumaa tukayaleta hapa shuleni, na yalipohesabiwa na kukubaliwa, jioni fedha zangu zikaingia katika simu.

Angalieni hali yangu saa ile. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilikuwa nimetoka kugombana na mwuza mbao aliyetaka kunizidishia deni. Mke wangu alikuwa Lushoto mazishini. Nami sikuwa nimelala siku mbili. Wezi wote wanne walikuwa wamekusanyika, na mfukoni nilikuwa na fedha nyingi kuliko nilizopata kushika kwa miaka mitano.

Sikuamua kwenda kunywa, lakini miguu ilijua njia. Nilijikuta nimesimama nje ya kilabu cha zamani, nasikia vicheko vya watu ninaowafahamu, na mmoja aliniona akaniita kwa jina. Nikampigia simu mzee wa reli, haikupokewa. Nikampigia wa pili, simu ilikuwa imezimwa. Wa tatu sikumpigia. Nilisema moyoni, "Nimejaribu." Walevi wenzangu mtaifahamu sentensi hiyo.

Ndipo neno la mzee likanijia: wakija wote wanne, kimbia. Kukimbilia wapi? Nyumbani hapakuwa na mtu. Sikujua pengine ila hapa, nilikotoka. Nikageuka nikarudi shuleni, mwendo wa nusu saa, na giza limeingia. Langoni nikamkuta mlinzi yule yule, mzee niliyemtukana mwaka 2022. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na sahani ya ugali na dagaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, fundi. Umesahau kitu?"

Nilitaka kusema nimesahau nyundo. Badala yake nikasema, "Nataka kunywa pombe, na sitaki."

Hakunitazama kwa mshangao. Alisogeza sahani, akanimiminia maji ya kunawa, akasema, "Karibu chakula." Tukala kimya. Nilikula kama mtu aliyetoka safarini. Ilipofika nusu ya sahani nikahisi mwili umeanza kunirudia, na ile sauti iliyokuwa ikinivuta ikapungua, ikawa mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili. Haikuondoka, lakini niliweza kusikia na mambo mengine. Nilimwomba msamaha kwa matusi yale. Akasema, "Nilikuwa nakungoja urudi siku moja ukiwa mzima. Sikujua utarudi na njaa." Nikalala pale kwenye mkeka wake hadi alfajiri, simu yenye fedha nikiwa nimemkabidhi yeye. Asubuhi mzee wa reli alinipigia, maana alikuwa amelala mapema. Yeye pia huwakwepa wezi wake.

Tangu Machi mwaka 2023 sijanywa. Sisemi kwamba sitakunywa tena maisha yangu yote, maana hilo ni neno kubwa na mimi nimepata kulisema likanivunjikia mkononi. Nasema leo sikunywa. Kesho asubuhi nitakunywa uji.

Nina maneno machache ya kumalizia. Kwenu wanafunzi: wako miongoni mwenu wenye baba, mama au ndugu kama nilivyokuwa mimi. Kosa si lenu, wala ninyi hamkumfanya anywe. Si wajibu wenu kumponya, na mkiona haya mbele ya wenzenu si dhambi. Mwambieni mwalimu mnayemwamini, msibebe peke yenu. Na akisema anaacha, mwambieni aende hospitali kwanza, asijifungie chumbani kama nilivyofanya.

Kwenu wazazi: mkimwona katika sherehe mtu aliyeacha, mpeni soda bila kumwuliza maswali. Neno "kidogo tu" lilinigharimu siku tatu, na lingaliweza kunigharimu uhai. Akianguka, msiseme, "Tulijua." Mpitieni Jumatano.

Kwenu walimu: nawashukuru kwa kazi mliyonipa mkijua habari zangu. Kazi nayo ni dawa, ila ilipwe mtu akiwa amekula!

Watu huniuliza kama mwanangu amenisamehe. Sijamwuliza. Muhula uliopita, siku ya wazazi, alikuja langoni kunipokea, akanipeleka hadi kwa wenzake chini ya mwembe, akasema, "Huyu ni baba yangu, ndiye aliyetengeneza madawati." Halafu akaenda zake kucheza mpira.

Jambo la mwisho ni la kazi. Katika madawati yale kuna moja, mstari wa nyuma karibu na dirisha, ambalo mguu wake mmoja ni mfupi kidogo. Nililikata usiku wa mwisho, nikiwa nimechoka. Anayelikalia na amwambie mwalimu wake, nami nitakuja kulirekebisha bila malipo.

Mzazi na mwanafunzi wa zamani